Kahawia Ilikuwa Rahisi

Mpwa wangu,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza kwenye basi, nikaurudia nyumbani, na kila nikifika pale unaposema "Mjomba, si London ndiyo iliyokufungua macho?" natamani nikukatize. Nani kakuambia? Lakini nawajua. Ni hao hao wa mtaani kwetu Walukuba wanaosimulia kwamba nilikuwa na studio yenye madirisha marefu na Wazungu wamepanga foleni mlangoni. Sasa na wewe, maadamu umemaliza digrii yako ya sanaa pale Makerere, unataka uje ufanye usafi alfajiri na kuchora jioni, "kama ulivyofanya wewe", halafu baada ya miaka mitatu minne urudi na jina. Na barua ya mwaliko niandike mimi.

Haya. Baridi umeshasimuliwa na kila aliyewahi kupanda ndege. Makaratasi sitaki hata kuyakumbuka. Nitakueleza habari ya rangi, kwa kuwa umeisomea na utanielewa upesi kuliko hao wengine.

Umesema mwalimu wenu aliwaonyesha kwenye simu picha zangu za 1985 hadi 1990, akaziita kipindi changu cha kahawia, akasema kijana aliyetengwa na kwao alikuwa akiutafuta udongo wa Afrika. Huku nako walisema vivyo hivyo. Katika maonyesho yangu ya kwanza, kwenye ukumbi wa maktaba moja ya mashariki mwa London, bwana mmoja mwenye skafu alisimama mbele ya picha zangu muda mrefu, akatikisa kichwa kwa huzuni, akaniambia anausikia udongo ukilia. Nilimshukuru. Ningefanyaje? Ameshika glasi ya mvinyo, huenda akanunua. Hakununua.

Udongo gani huo wa kahawia? Wewe si mzaliwa wa Jinja? Udongo wetu ni mwekundu, mvua ikinyesha unakuingia mpaka kwenye soksi, na juu ya huo udongo ni kijani tupu. Migomba kila upande, na ukishika njia ya Kakira ni miwa mpaka macho yachoke. Mtu wa Busoga akikumbuka kwao kwa rangi, atachora kijani. Na kijani cha miwa mibichi saa mbili asubuhi hukipati bila njano nzuri. Mimi njano nzuri sikuwa na pesa yake.

Unajua rangi za mafuta za wasanii zinavyouzwa. Kila tyubu ina namba ya daraja, na bei inafuata namba. Chini kabisa ziko rangi za udongo: kahawia ya kuchomwa, kahawia mbichi, ile njano iliyopauka. Ni udongo kweli, wenye chuma ndani yake, umechimbwa ukasagwa. Juu huko ziko kadimiamu na kobalti. Nilikuwa nikisimama mbele ya rafu nimeshika tyubu ndogo ya nyekundu ya kadimiamu, ndogo hii unayoweza kuifumba kiganjani, nikipiga hesabu ya sukari, sabuni na karo. Nairudisha. Nachukua kahawia mbili na tyubu kubwa ya nyeupe, naenda kulipa.

Utaniambia ultramarini ni rahisi, mbona hukuchora buluu. Ni rahisi, na niliinunua. Niliichanganya na kahawia ya kuchomwa kupata nyeusi, ili nisinunue nyeusi. Ndiyo maana nyeusi za picha zile zina ubaridi fulani ndani yake. Mwalimu wako huenda na hilo amelitafutia jina.

Na kuna habari ya taa. Desemba hapa jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na jioni ndiyo saa yangu ya kuchora. Balbu za enzi hizo zilikuwa za waya, mwanga wake wa manjano. Chini ya balbu ile njano na nyeupe zinafanana, buluu inakufa, na asubuhi unaamka unakuta umechora kitu usichokijua. Kahawia ilinivumilia. Usiku ilikuwa kahawia na asubuhi ilikuwa kahawia.

Hiyo kazi ya usafi unaitaja kama kunawa uso. Mimi nilikaa Forest Gate, mashariki mwa London. Saa tisa usiku niko kwenye basi, kwa kuwa saa kumi alfajiri nilitakiwa Soho, katikati ya jiji, kwenye ofisi za watu wa matangazo ya biashara. Mabasi ya usiku wakati huo karibu yote yaliishia Trafalgar Square, na ungetukuta pale watu wa kyeyo, yaani vibarua wa ufagio ughaibuni, wa kila taifa tumejikunyata, kila mtu na mfuko wake, hakuna anayemsalimia mwenzake. Saa mbili tunatoka, nalala kidogo, na kuanzia saa sita niko jikoni kwenye hoteli nikiosha masufuria mpaka jioni. Dawa za kusafishia zilinipasua vidole, na tapentaini ikiingia kwenye nyufa zile unaimba bila kuombwa.

Nikupe moja tu ya ofisini. Wale watu wa matangazo walikuwa wachoraji, na walitupa karatasi ambazo mimi sikuweza kuzinunua: nzito, nyeupe, zina mistari miwili ya penseli upande mmoja na upande wa pili safi kabisa. Nilikunja kama ishirini hivi nikatia mfukoni. Mlangoni tulikaguliwa. Msimamizi wetu, Mwafrika mwenzetu, sitasema wa wapi, akazitoa mbele ya foleni nzima, akaniuliza kama kwetu hatuna karatasi. Akaniamuru nizirudishe kwenye pipa moja moja, yeye amesimama kashika kiuno anaangalia. Pipa lenyewe, ukishamaliza kucheka, ni lile lile nililotakiwa kulimwaga kwenye takataka kabla ya kuondoka. Nami nina digrii ya Makerere ya mwaka mmoja tu uliopita. Basi nikaacha karatasi nikahamia hadibodi, vile vipande ambavyo mafundi ujenzi huvitupa nje ya nyumba wanazozikarabati. Hivyo havina msimamizi.

Pesa. Sikutaka kuigusa, lakini umeigusa wewe kwa kusema "kwani mjomba ulikuwa na gharama gani, kijana peke yako?" Banange! Kijana peke yake hayupo. Kila mtu aliyepanda ndege kwenda Entebbe nilimpa bahasha. Pesa ile ikigeuzwa shilingi, nyanya yako alizitunza chini ya godoro kwa sababu benki hakuziamini, na katika vita vile nani angeziamini? Mei 1987 serikali ya Uganda ikatoa shilingi mpya, ikafuta sufuri mbili, ikakata na asilimia 30 juu yake. Alinitumia barua, ameandikiwa na jirani, maneno machache: pesa imepungua, mtoto bado hajamaliza uuguzi, tuma nyingine. Mtoto mwenyewe ni mama yako. Nilituma nyingine. Mwezi ule hata kahawia sikununua, nilichora kwa mkaa.

Sisemi haya ili mniombe radhi, wala simdai mtu. Mama yako amelaza wagonjwa na kuwaamsha miaka yote hiyo, pesa ile imefanya kazi kuliko picha yoyote niliyoichora. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba ile ilikuwa huzuni ya msanii. Ilikuwa karo. Mwalimu akiweka picha ile mbele ya darasa tena, mwulize ada ya shule ya wauguzi Jinja mwaka 1987 ilikuwa kiasi gani, hapo ndipo uchambuzi uanzie.

Kwa hiyo usije.

Ila kuna jambo nisipolisema nitakuwa mwongo kama hao wa Walukuba. National Gallery iko pale pale Trafalgar Square, na kuingia ni bure. Siku ambazo jikoni hawakunihitaji nilitoka Soho saa mbili, nikazunguka mitaani kujipasha moto mpaka wafungue saa nne, nikaingia na nguo zangu za kazi zikinuka dawa ya choo. Nilikwenda moja kwa moja kwa Rembrandt, picha aliyojichora mwenyewe mwaka 1669, ana miaka 63, mwaka aliokufa. Nenda karibu utazame paji la uso. Rangi zake nyingi ni zile zile za daraja la chini, kahawia, njano iliyopauka, nyekundu ya udongo, nyeupe. Na ngozi inapumua! Yule mzee alifilisika mwaka 1656, vitu vyake vikapigwa mnada, naye akaendelea. Nilisimama pale nikajifunza kwamba kahawia ina joto na ina ubaridi, na ukiweka ya baridi kando ya ya joto, ya joto inawaka kama nyekundu. Hilo Makerere sikuwa nimefundishwa, au nilifundishwa sikusikia. Basi London ilinifungua macho, haya, nimekubali. Ila Rembrandt hakuwa na bahasha za kutuma Entebbe.

Umenitajia wachoraji waliotangulia. Sam Ntiro alisoma shule ya sanaa ya Slade hapa London, na baadaye akarudi kama balozi wa Tanganyika. Theresa Musoke alitoka Makerere akasoma Royal College of Art, akaenda na Pennsylvania, Marekani. Ni kweli. Lakini angalia mlango walioingilia: shule iliwaita. Hakuna aliyemfunga mmoja wao ufagio mkononi akamwambia sanaa iko nyuma ya ufagio. Na kwetu kulipoharibika, Musoke alikaa Nairobi miaka mingi akifundisha na kuchora. Nairobi! Usiku mmoja tu kwa basi kutoka Jinja. Jak Katarikawe, dereva kutoka Kigezi ambaye digrii ya sanaa hakuwa nayo, ng'ombe wake wenye rangi za ndotoni wamekwenda dunia nzima, na yeye alikaa Nairobi mpaka alipofariki 2018. Angalia rangi za yule mtu, kisha angalia zangu za miaka ile, uniambie nani alikuwa tajiri.

Omba nafasi ya kukaa na kuchora pale 32° East, kituo cha sanaa cha Kampala, kwanza. Omba tena wakikukataa. Tumia lubugo, kitambaa cha gome la mti; hapa turubai nanunua kwa mita na kila mita inauma, na wewe uko nchi ambayo mti wa mutuba unachunwa gome na kuota jingine. Usichore twiga. Kama mtalii anataka twiga na kodi ya nyumba imefika, chora twiga, ila usitie sahihi yako. Usimpe ndugu picha ya bure. Mama yako mpe. Usiache kazi ya kufundisha watoto hata kama unaichukia, mtu mwenye mshahara mdogo anachora vizuri kuliko mtu mwenye njaa. Ingawa mimi nilichora nikiwa na njaa, na zile ndizo mnazoonyeshana darasani, kwa hiyo sijui. Fanya utakavyo.

Na mwambie mjomba wako mdogo, yule anayetaka kuuza ile picha yangu iliyoko sebuleni Walukuba kwa sababu kasikia "za kahawia" zina bei, kwamba nimesikia mpango wake. Bei hiyo haipo. Mama yako aiondoe ukuta wa upande wa jikoni, hadibodi ikipata mvuke inavimba pembeni na rangi inabanduka.

Barua ya mwaliko nitaandika. Ya matembezi, na isizidi wiki sita, utalala chumba cha nyuma na kazi ya mshahara hutaifanya hata siku moja; viza ya matembezi hairuhusu na mimi siruhusu. Nitaambatisha taarifa yangu ya benki ili wasikusumbue sana. Wewe tafuta barua ya shule unayofundisha inayosema wanakungoja urudi. Nitumie nakala ya ukurasa wa pasipoti wenye picha, pembe zote nne zionekane, na picha za kazi zako kumi ulizozipiga nje asubuhi, si ndani kwa flashi. Uje Mei, Novemba usithubutu.

Mjomba wako