Je, mwandishi wa habari anaweza kuleta amani?

Ndugu yangu, umeuliza iwapo mwandishi wa habari anaweza kuleta amani katika nchi ya makabila mengi kama Uganda, au kazi yake ni kuripoti tu. Naamini anaweza, tena kwa kuripoti vizuri. Wakati wa vita vya waasi wa LRA kaskazini mwa Uganda, redio Mega FM ya mji wa Gulu ilirusha kipindi cha Dwog Cen Paco (yaani "Rudi Nyumbani"), ambamo wapiganaji waliokwisha kurudi nyumbani walizungumza kwa sauti zao wenyewe, wakiwahakikishia wenzao waliobaki msituni kwamba msamaha uliowekwa na sheria ya mwaka 2000 ulikuwa wa kweli, kinyume na vitisho vya makamanda wao. Hotuba ya waziri isingefua dafu mbele ya sauti ya rafiki uliyedhani ameuawa.

Septemba 2009 ilikuwa tofauti: Kabaka, mfalme wa Buganda, alipozuiwa kwenda wilaya ya Kayunga, ghasia zilizuka, serikali ikazifunga redio kadhaa, na CBS, redio ya ufalme wa Buganda, haikusikika kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mtangazaji anayechochea lazima awajibishwe mahakamani, lakini kuizima redio nzima kunawaachia wananchi uvumi, nao hauna mhariri wa kuuhoji.