Usijaze flashi kwanza, anza na hizi

Kijana mmoja wa korali kule Katuba ameniandikia wiki hii: "Yaya, nataka kukusanya muziki klasiki, nianzie wapi?" Nimefurahi sana, juu hapa Lubumbashi hii muziki iliniletea jina la mzungu mweusi, na aliyekuwa ananicheka zaidi alikuwa mtu wa korali yetu wenyewe, yale maneno bado hayajanitoka rohoni, na leo ni yeye anayetuma flashi yake nimwekee.

Sasa sikia mdogo wangu. Wingi hausaidii kitu. Chukua kazi moja uitafute mara mbili. Mimi masikio yalinifunguka na Glenn Gould, mpiga piano wa Kanada, Goldberg Variations ya Bach, wimbo mmoja, Aria, unaogeuzwa mara thelathini. Alirekodi 1955 akiwa na miaka 22, anakimbia tu, dakika 38 hivi imeisha, halafu akairudia 1981, ile inafika kama dakika 51, na mwaka uliofuata akafariki. Noti ni zile zile! Sikiliza hata Aria ya mwanzo peke yake, ya kwanza haifiki dakika mbili, ya pili inapita tatu, na ukitega sikio vizuri unamsikia mwenyewe anaguna nyuma ya piano. Umeme ukikatika usiku nilikuwa naisikiliza kwa simu mpaka chaji iishe, nikaelewa kumbe mpigaji naye anatunga.

Zingine: simfoni namba 5 ya Beethoven, Carlos Kleiber anaongoza orkestra ya Vienna Philharmonic, 1974. Suite za Bach za selo, ile fidla kubwa ya kukaa nayo, anapiga Pablo Casals, 1936 mpaka 1939, inakwaruza lakini vumilia. Konseto ya selo ya Elgar, Jacqueline du Pré anapiga na Barbirolli anaongoza orkestra, 1965, binti wa miaka 20 anapiga selo mpaka unasimama.

Halafu Missa Luba, 1958. Hii ni ya kwetu jamani, ya Kamina, korali ya Les Troubadours du Roi Baudouin na padri Guido Haazen. Kilatini cha misa ni kile kile, lakini Kyrie inalia kama kasala, wimbo wa maombolezo wa Waluba, na Hosana ni dansi ya Kasai. Watu wa Ulaya wanaitunza, sisi wa Katanga tunaulizana ni nini, na hiyo inaniuma. Muimbaji wa korali hawezi kuikosa, Mozart atamngoja! Wakubwa wa korali, muwasikilizishe watoto, musingoje mgeni aje kuwafundisha cha kwenu.

Wewe wa Katuba, leta flashi Jumapili baada ya misa, nitakuwekea Sanctus ya kwanza.