Mkojo kuvuja baada ya upasuaji wa haipospadia: kabla ya kuziba tundu

Dada, umeeleza kwamba miezi miwili baada ya mwanao kurekebishwa haipospadia, yaani kuzaliwa na mlango wa mkojo upande wa chini wa uume badala ya kwenye ncha, tundu dogo limejitokeza chini ya uume na linavuja, na kwamba daktari amesema msubiri ilhali wewe unataka kumpeleka kwingine akazibwe sasa. Mimi ni baba wa kijana aliyepitia hayo, na ningekushauri usubiri.

Hiyo ni fistula, tatizo linalojitokeza mara nyingi baada ya upasuaji huu, hasa kwa watoto ambao mkojo ulikuwa ukitokea karibu na korodani. Matundu madogo sana huweza kujifunga yenyewe katika wiki za mwanzo. Yasipojifunga, madaktari wengi husubiri angalau miezi 6, uvimbe uishe na kovu lilainike, kwa sababu ngozi ambayo bado haijapona haishiki uzi, na kila mshono unaoachia hupunguza ngozi nzima iliyobaki kwa marudio. Mwanangu alizibwa mapema, tundu likafunguka tena. Bingwa wa upasuaji wa watoto aliyempokea baadaye hakuanza na tundu, alianza na mlango wa mkojo, akaukuta umebana. Mkojo ukizuiwa mbele husukuma kwa nguvu palipo dhaifu, kwa hiyo kuziba tundu bila kupanua mlango ni kazi bure. Aliupanua kwanza, kisha akaziba tundu kwa kuweka tabaka la nyama laini kati ya mishono, na mpaka leo halijavuja.

Mtazame mwanao anapokojoa: mkondo ukiwa mwembamba kama uzi, au akikakamua na kuchukua muda mrefu, mwambie daktari bila kungoja miadi. Akishindwa kabisa kukojoa, au akipata homa na kidonda kutoa usaha, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Kama bado ana govi, asitahiriwe hata mababu wakihimiza vipi (na watahimiza), kwa kuwa ngozi hiyo huenda ikahitajika kwenye marekebisho. Kliniki nayo isiishie tundu likifungwa, kwani uume unaweza kupinda tena au njia kubana wakati wa balehe. Omba nakala ya taarifa ya upasuaji uitunze, maana atakayemwona akiwa na miaka 14 huenda asiwe daktari huyu, naye atahitaji kujua ni ngozi ipi ilikwisha kutumika.