"Si Upo Nyumbani Tu?": Kwa Mnaoanza Kusoma Mtandaoni

Sentensi itakayokusumbua kuliko hesabu zote za uhasibu ni hii: "Si upo nyumbani tu?" Utaisikia kwa mama mkwe, utaisikia kwa jirani anayetaka kukuachia mtoto, na siku ukichoka utaisikia kichwani mwako mwenyewe. Nimesoma stashahada ya uhasibu miaka miwili nikiwa chumbani kwangu Tabata, mchana nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi, usiku mwanafunzi. Nawaandikia yale ambayo mimi sikuambiwa.

Wiki ya kwanza tu, saa mbili usiku, mwalimu ameanza uchakavu wa mali, yaani jinsi thamani ya kitu inavyoshuka mwaka hadi mwaka. Mama mkwe akagonga mlango: "Mwanangu, nitazamie hayo maharage, naswali mara moja." Nikaenda na simu mkononi. Jikoni kwetu mtandao haukamati. Niliporudi dirishani mwalimu alikuwa kwenye mfano wa tatu, na maharage yaliungua vilevile.

Mama sikumlaumu. Anayetoka asubuhi na begi kila mtu anajua anakwenda chuo. Aliyejikunja kitandani na simu anaonekana anachati. Nilichofanya ni kitu cha kuchekesha kidogo: siku za kipindi nikawa navaa nguo ya kutokea, najifunga mtandio, nakaa mezani na daftari, na ratiba nimeibandika kwenye friji. Chakula cha siku hizo nilikipika usiku wa kuamkia. Ndani ya mwezi, mama ndiye aliyekuwa akiwafukuza watoto: "Tokeni hapo, mama yenu yuko darasani."

Sasa niseme kwa nini sikuacha. Ule uchakavu ulionipita nikauangalia kwenye rekodi ya kipindi. Lori la shilingi milioni 40, uchakavu asilimia 20 kwa njia ya salio linalopungua. Mimi nilikuwa nakata milioni 8 kila mwaka, na majibu hayakubali. Nikarudisha nyuma mara nne, mara ya mwisho kwa kasi ndogo, ndipo nikasikia: mwaka wa pili unakokotoa kwenye milioni 32 zilizobaki, kwa hiyo ni milioni 6.4. Darasani ningemwambia mwalimu arudie mara nne? Hata mara ya pili ningeona haya. Hii peke yake, kwangu mimi, ilizidi faida ya nauli.

Maana nauli ndiyo watu huanza nayo. Ni kweli hupandi daladala kwenda na kurudi, lakini bando nalo linakula. Zima kamera ukiweza; picha ndiyo inayomaliza MB, sauti haina gharama kubwa. Rekodi pakua mara moja uiweke kwenye simu, usiitazame moja kwa moja kila unaporudia. Na kama mwalimu anatumia Zoom ya bure, jua kwamba dakika ya 40 itawakata wote, kwa hiyo kaa na linki karibu, usidhani ni mtandao wako.

Umeme nao una siku zake. Chaji simu mchana hata kama ina asilimia 70, na LUKU nunua kabla ya usiku wa zoezi. Lakini alama 15 nilizopoteza muhula wa kwanza hazikupotea kwa sababu ya TANESCO. Mfumo uliandika mwisho wa kutuma ni 5:00 PM. Nimetoka kazini nimechoka, nikasoma tano, akili ikaniambia saa tano usiku. Saa tatu nimekaa kwa raha zangu na chai, nafungua, dirisha limeshafungwa tangu saa kumi na moja jioni. Tangu hapo kila tarehe naiandika kwa maneno ukutani. Kama kozi yako inafundishwa kutoka Uingereza, kuwa mwangalifu zaidi: wenzetu wale hubadilisha saa mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba, kwa hiyo kipindi cha saa mbili usiku kinaweza kugeuka cha saa tatu.

Hasara ambayo sikuipatia dawa kamili ni upweke. Kikundi cha WhatsApp kina watu 60, wanaouliza ni watatu, waliobaki wanasubiri kudesa. Tukajitenga wanne tunaokaa karibu, Jumamosi tunakutana kwa mmoja wetu Buguruni, tunagombana na mizania, lile jedwali la mali na madeni, mpaka ikubali. Wala si jambo geni. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya 1992 na kuanza kupokea wanafunzi 1994, kilisomesha watu majumbani kwa vitabu vya kuchapwa kabla mitaa yetu haijajua intaneti, na bado kiliweka vituo mikoani ili watu waonane.

Jambo ambalo ningepaswa kulitanguliza: kabla hujalipa ada, hakikisha chuo kinatambulika, NACTVET (baraza la elimu ya ufundi) kwa cheti na stashahada, TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kwa shahada. Tangazo zuri la Instagram si usajili.

Na mtihani wa mwisho ulizeni mapema unafanyikaje. Wetu ulikuwa kituoni, kwa muda wa saa tatu, kwa kalamu. Nilikuwa nimekaa miezi nachapa kwa vidole gumba, na kufikia swali la tatu mkono ulishakufa ganzi, mistari inapanda juu kama mtoto wa darasa la kwanza. Muhula uliofuata nilinunua kaunta buku, kila Jumapili nikawa nafanya swali moja zima kwa mkono, saa ya ukutani ikiwa mbele yangu.