Kutolewa mitoki ya shingo pamoja na tezi ya thairoidi: jibu kwa dada wa Malindi

Dada, nimelisoma swali lako. Mamako ana miaka 48, amepatikana na saratani ya thairoidi aina ya papilari, daktari anataka kutoa tezi yote, ile iliyo mbele ya koo, pamoja na mitoki ya shingoni, yaani vile vitezi vidogo vya limfu, na ami yako anasema msikubali kwa kuwa mitoki ndiyo kinga ya mwili. Poleni sana. Mimi ni mtu wa Lamu, Langoni, na upasuaji huo nilifanyiwa Mombasa: tezi nzima, mitoki ya katikati ya shingo na ya upande wa kushoto.

Hofu ya ami isiwazuie. Mwili una mamia ya mitoki, na shingoni imejaa tele. Ikitolewa ya sehemu moja, iliyobaki inaendelea na kazi yake. Mweleze kwa upole, maana anasema kwa mapenzi.

La kumuuliza daktari ni hili: mitoki hiyo anaitoa kwa kuwa ameona saratani ndani yake, au anaitoa kwa tahadhari tu? Hapo ndipo penye uamuzi wote. Papilari ina tabia ya kuingia kwenye mitoki mapema, hata uvimbe ukiwa mdogo. Ikishathibitika imo, itolewe, na itolewe mitoki yote ya eneo la shingo lililohusika. Kuchomoa ule mtoki mkubwa peke yake na kuacha wenziwe ni kumrudisha mgonjwa thieta baadaye, na shingo iliyokwisha kupasuliwa ina makovu, mishipa haionekani vizuri, hatari inazidi.

Ikiwa hakuna kilichoonekana, mambo ni mengine. Mwongozo wa Chama cha Thairoidi cha Marekani wa 2015 unasema uvimbe usiozidi sentimita 4, ambao haujatoka nje ya tezi, unaweza kutolewa bila kugusa mitoki ya katikati. Ukiwa mkubwa zaidi au umetoka nje ya tezi, tahadhari ya katikati inaeleweka. Lakini mitoki ya pembeni haitolewi kwa kubahatisha. Lazima kuwe na ushahidi.

Ushahidi huo unaanzia kwenye altrasaundi, na hapa nakuomba ukazane. Picha yangu ya kwanza ilieleza tezi tu, pembeni ya shingo hapakutajwa hata kwa neno moja. Daktari wa upasuaji alikataa kunipangia siku mpaka nipigwe nyingine. Safari hii yule mpigaji alipitisha kile kifaa kuanzia chini ya taya hadi kwenye mtulinga, pande zote mbili, polepole, akarudi tena kushoto na kusimama hapo. Akanionyesha kwenye skrini: mtoki wa mviringo, ule mstari mweupe wa katikati hauna, na ndani una chembechembe zinazong'aa. Mitoki mizima huwa mirefu kidogo, na mstari wake unaonekana. Wakachoma sindano, wakapeleka sampuli maabara, na maji ya kusuuzia sindano yakapimwa thairoglobulini, protini inayotengenezwa na seli za thairoidi. Ikipatikana kwa wingi ndani ya mtoki wa pembeni, jibu limepatikana. Kwa hivyo soma ripoti ya mama. Kama pembeni hapakutajwa, omba irudiwe kabla ya kisu.

Sasa madhara, maana ukweli mzuri. Nyuma ya thairoidi kuna tezi nyingine, kwa kawaida nne, ndogo kama punje za mchele, zinazolinda kalsiamu ya damu. Mitoki ya katikati imelala karibu nazo, na kuitoa huzitikisa. Mimi midomo ilianza kufa ganzi usiku, kisha ncha za vidole, kisha vidole vikawa vinajikunja vyenyewe. Nesi alichukua damu mara moja, kalsiamu ilikuwa imeshuka, nikatundikiwa ya mshipani. Hali hii hutokea zaidi siku chache za mwanzo, basi msikubali mama aruhusiwe kabla kalsiamu haijapimwa, na mwende nyumbani na vidonge mkononi. Nyinyi wa Malindi mna hospitali karibu. Sisi wa kisiwani usiku ni kutafuta boti ya kuvuka hadi Mokowe, na kalsiamu haingoji boti.

Kuna pia mshipa wa fahamu wa sauti, unaopita papo hapo katikati. Sauti yangu ilikwaruza kwa muda, ikarudi. Upasuaji wa pembeni una mshipa wa bega: kwa wiki nyingi kuvuta buibui juu ya kichwa ilikuwa taabu, mpaka mazoezi yakanisaidia. Muulizeni daktari mazoezi yaanze lini. Na akipasuliwa kushoto, angalieni chupa ya ule mrija unaotoa maji kwenye kidonda. Maji yakigeuka meupe kama maziwa, mwambieni nesi wakati huo huo.

Msishtuke mkisikia “imesambaa hadi kwenye mitoki”. Kwa mtu wa chini ya miaka 55, papilari iliyoko shingoni tu, ambayo haijafika mapafuni wala mifupani, bado huhesabiwa hatua ya kwanza. Nyumbani kwetu neno “imesambaa” liliwafanya watu waanze kulia mapema.

Ripoti ya patholojia, yaani ya maabara iliyochunguza vilivyotolewa, ikitoka, tazameni mitoki mingapi ilitolewa, mingapi ina saratani, na kipande kikubwa cha saratani kina milimita ngapi. Hayo husaidia kuamua kama atahitaji iodini yenye mnururisho, dawa ya kuua seli za thairoidi zilizobaki. Akihitaji, wiki moja au mbili kabla yake ataacha samaki wa bahari, kamba, maziwa, kiini cha yai na chumvi ya dukani iliyotiwa iodini. Kwa mtu wa pwani hilo ni zito kuliko kovu! Mimi niliponea wali, viazi na nyama kidogo, na nazi haina tatizo.

Vidonge vya homoni, vya kushika nafasi ya tezi iliyotolewa, atameza asubuhi tumbo tupu, na kalsiamu iachane navyo kwa saa nne.

Ukiipata ripoti ya altrasaundi, andika hapa maneno yake, jina la mama ulifiche. Nitakusaidia kuandaa maswali ya kumpelekea daktari.