Watoto wawili, tarehe moja, nyota mbili

Dada, programu yako ya simu inayotaja nyota za kuzaliwa haijakosea. Umesema wote umewazaa Dar es Salaam tarehe 20 Machi, wa kwanza mwaka 2023, wa pili 2024 jioni, na unashangaa mkubwa kuitwa Samaki na mdogo Punda.

Nyota ya Punda haianzi saa sita usiku ya tarehe fulani. Inaanza pale Jua linapovuka ikweta ya anga, yaani mstari wa kufikirika angani ulio juu ya ikweta ya Dunia, kuelekea kaskazini. Mwaka 2023 jambo hilo kwa saa za kwetu lilitokea saa sita na dakika 24 usiku, tayari ni tarehe 21. London bado ilikuwa tarehe 20! Mwaka 2024 likatokea tarehe 20, saa kumi na mbili na dakika 6 asubuhi.

Mwaka wa Jua una siku 365 na karibu saa sita zaidi, kwa hiyo kila mwaka wakati huo husogea mbele kwa saa hizo. Ukifika mwaka mrefu, Februari 29 inaurudisha nyuma siku nzima. Orodha za tarehe za nyota magazetini hukadiria tu.

Kwa hiyo aliyezaliwa mpakani aangaliwe mwaka, saa na mahali. Saa itafute kwenye kadi ya kliniki. Mambo ya tabia na bahati mimi siyaamini, ila hesabu ni za kweli. Na ukitazama makundi ya nyota zenyewe angani, siku hiyo Jua liko kwenye kundi la Samaki kwa wote wawili.