Kabla hujafyatua tofali, hesabu watoto wa kliniki

Kamwene. Nimekuwa mwenyekiti wa kamati ya shule ya msingi huku Mufindi kwa miaka sita, na mwaka wa kwanza nilifanya kosa ambalo bado napita nikiliona.

Tulijenga boma, yaani kuta zisizoezekwa, la vyumba viwili kwa nguvu zetu. Kila kaya ilileta tofali mia moja na mchango wa elfu kumi, kina mama wakabeba mchanga kwa ndoo kutoka mtoni, na msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ulikuwa kila Jumamosi. Tulipofika usawa wa lenta, ile boriti ya zege juu ya milango na madirisha, pesa ikakata, tukaenda halmashauri kuomba bati. Ofisa aliyetupokea, mtu mpole tu, alifungua kabrasha la mpango, akapitisha kidole kwenye orodha ya kata yetu kutoka juu mpaka chini, kisha akaniuliza, "Mwenyekiti, hili boma lenu liko wapi humu?"

Halikuwemo. Sisi tulidhani ukishapandisha ukuta serikali itakuonea huruma. Na kweli kuna miaka zilishushwa milioni 12.5 za kumalizia kila boma la darasa, lakini zilikwenda kwa maboma yaliyoandikwa. La kwetu lilinyeshewa masika tatu. Mvua za huku mnazijua. Nyasi ziliota juu ya ukuta na mbuzi wakahamia.

Kwa hiyo wewe uliyechaguliwa juzi kwenye kamati, anza na kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, ila ukisubiri Juni ndipo upeleke ombi, umechelewa karibu mwaka mzima. Vipaumbele vinaibuliwa kijijini miezi ya mwisho wa mwaka. Vinapita serikali ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji, vinapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, halafu halmashauri, ambako baraza la madiwani hupitisha mwanzoni mwa mwaka. Bunge la bajeti linapoanza Aprili, orodha yako ilishafungwa zamani. Kila ngazi dai muhtasari uliosainiwa na ubaki na nakala. Mimi zangu ziko kwenye mfuko wa rambo juu ya kabati. Diwani mpya akiingia, kitu cha kumwonyesha ni karatasi. Ukimpelekea kumbukumbu za kichwani atakuitikia kwa adabu na kusahau.

Lakini karatasi inaandikwa nini? Hapa ndipo kamati nyingi zinaponiudhi. Wanaandika "tunaomba madarasa mawili" kwa sababu kijiji jirani kiliomba mawili.

Mwaka wa pili nilikwenda zahanati siku ya kliniki. Kina mama walikuwa wamejipanga kwenye benchi, watoto wananing'inizwa kwenye mzani mmoja mmoja wakilia. Nilimwomba muuguzi anitajie idadi tu, bila majina, ya watoto wa kijiji chetu kwa kila mwaka wa kuzaliwa. Darasa la kwanza letu wakati huo lilikuwa na watoto 61 kwenye chumba kimoja. Waliokuwa wanakuja miaka minne mbele walikuwa 94.

Kiwango cha shule ya msingi ni wanafunzi 45 kwa chumba. Watoto 94 ni mikondo miwili, yaani vyumba viwili kwa kila darasa, tena ya kubana kidogo. Ukihesabu awali na darasa la kwanza hadi la sita, maana sera mpya inaondoa la saba, ni ngazi saba mara mikondo miwili: vyumba 14. Sisi tulikuwa na vinane. Pengo lilikuwa vyumba sita, na siku zote tulikuwa tunalilia viwili.

Sita vinatisha ukivitaja kwa mkupuo. Ila mkondo wa pili hauanzi madarasa yote siku moja. Unaingia chini na kupanda ngazi moja kila mwaka. Kwa hiyo hesabu ikageuka: chumba kimoja mwaka huu, kimoja mwakani, mpaka tufike. Ombi la namna hiyo mhandisi analisoma mpaka mwisho, kwa sababu anaona kila mwaka unataka nini na kwa nini.

Vyoo vilituaibisha zaidi. Tundu moja ni la wasichana 20, au wavulana 25. Mikondo miwili ikijaa ni watoto 630, na kama nusu ni wasichana, tunahitaji matundu 16 ya wasichana na 13 ya wavulana. Tulikuwa na manane yote kwa jumla. Hakuna aliyewahi kulisema hilo kwenye mkutano. Choo hakina mgeni rasmi wa kukikatia utepe.

Wenzetu wa shule za sekondari za kata nao wafungue daftari mapema. Mwaka 2027 darasa la sita na la saba wanamaliza pamoja, kwa hiyo Januari 2028 kidato cha kwanza kitapokea madarasa mawili kwa mpigo. Mwaka 2021, kwa zile fedha za UVIKO, serikali ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa milioni 20 kila chumba, na tuliona mbio za dakika za mwisho zinavyokuwa: saruji inapanda bei, mafundi wanagombaniwa.

Suala la ardhi nitalisema kwa kifupi. Chora eneo lote la shule kwenye karatasi moja, weka vyumba vyote 14 hata kama vingine ni vya mwaka 2032, weka vyoo, jiko, nyumba za walimu na uwanja. Madirisha yatazame kaskazini na kusini ili jua lisiwapige watoto usoni. Sisi choo cha zamani kilijengwa katikati ya kiwanja, mahali ambapo safu nzima ya madarasa ingekaa. Tumelazimika kukizunguka.

Kisha mvua. Fedha za fosi akaunti, zile tunazojengea wenyewe kwa mafundi wa kawaida bila mkandarasi, zinaingia zinapoingia, mara nyingine Novemba, wakati lori la mchanga linazama mpaka ekseli na nusu ya vibarua wako kwenye ulanzi, pombe ya mianzi. Fyatueni na kuchoma tofali kati ya Juni na Oktoba hata kama hakuna senti iliyoingia, muzifunike vizuri. Na wauzaji wenu wa mbao wajisajili mapema NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni. Tuliwahi kuwa na fedha mkononi na mbao nzuri zimelala Mafinga, tukashindwa kununua kwa sababu mwenye mashine hakuwa kwenye mfumo.

Boma letu liliingia kwenye orodha mwaka wa tatu. Fundi alipanda, akawa anagonga tofali za juu kwa mpini wa nyundo huku akisikiliza mlio, kisha akashusha kozi (safu) nne nzima kabla ya kumwaga lenta. Tofali zile zilizoshushwa tumezipanga kwenye tope, ndiyo njia ya watoto kwenda chooni.